Kapteni kawaona, na bado kapita juu yao: uchambuzi wa sini moja ya The Cruel Sea

Kuna sini moja kwenye The Cruel Sea, ile picha nyeusi na nyeupe ya Waingereza ya mwaka 1953, nimeshairudia mara nyingi kuliko picha yenyewe. Yaani naiweka, naruka mpaka hapo, naangalia, nazima. Wapenzi wa muvi za vita vya baharini wanaijua hata kabla hujamaliza kuitaja, ni ile ya kapteni Ericson na watu walioko majini.

Kwa ambaye hajaiona iko hivi. Ni Vita vya Pili, msafara wa meli za mizigo uko njiani, unasindikizwa na vimanowari vidogo. Meli moja imepigwa torpedo imezama, mabaharia waliosalimika wanaelea, mafuta usoni, wameshikana na chochote kinachoelea. Manowari inayoitwa Compass Rose inakuja upande wao. Wanaiona, wanaipungia mikono, manake kwao hiyo ni meli inayokuja kuwaokota, na nani angefikiri vingine. Kumbe mle ndani kwenye kibanda cha asdiki, ile sona ya zamani ya kusikilizia nyambizi, Lockhart msaidizi wa kapteni ameshika mlio, na mlio unatoka chini ya maji pale pale walipo wale watu. Ericson yuko juu darajani, pale anaposimama nahodha kuongoza, anasema kuna watu majini sehemu hiyo. Anajibiwa basi nyambizi iko chini yao. Muda wa kufikiri ni wa kuhesabu kwa vidole. Anaendelea mbele. Mabomu yanadondoshwa tezini, yaani nyuma ya meli, bahari inanyanyuka, na baharia mmoja wa meli yake mwenyewe anamtukana kwa sauti kwamba ni muuaji.

Halafu hakuna nyambizi iliyoibuka. Hakuna mafuta yaliyoelea, hakuna kipande cha mbao, hakuna hata kofia. Bahari imetulia tu.

Sasa watu wakibishana kuhusu uhalisia wa picha za vita utawasikia wanasema sijui bunduki ile haikuwepo mwaka ule, sijui vyeo vya begani vimekosewa, na mi nawaelewa, kuna raha yake kumkamata mtengeneza picha na kosa. Ila kwa sini hii swali langu ni lingine kabisa, je huyu jamaa alikuwa na njia ya pili? Manake kila nikiiangalia na mtu lazima aseme "si angezunguka tu", na ukikaa kitini na soda mkononi kweli unaona angezunguka. Basi nimeamua niifungue yote.

Nianze na chombo. Compass Rose ni koveti, yaani manowari ndogo ya kusindikiza, ya daraja la Flower, na koveti hizi zilichorwa kutokana na meli za kuwindia nyangumi kwa sababu Uingereza ilikuwa inataka meli nyingi haraka, za kujengwa hata kwenye viwanda vidogo visivyowahi kujenga manowari. Urefu futi 205, injini ya mvuke, rafadha (lile panga la kuisukuma meli) moja tu, mwendo noti 16, yaani kama kilomita 30 kwa saa, ukiibana sana. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VII ikiwa juu ya maji ilikuwa inakwenda noti 17 na ushee. Piga picha mwenyewe, umepewa mbwa wa kulinda mbuzi na mbwa mwenyewe ana miguu mifupi kuliko fisi. Na zilikuwa zinaenda mrama balaa, mabaharia wake walikuwa wanatania kwamba koveti ukiiweka kwenye majani yenye umande nayo itayumba. Kwenye picha utaona watu wanamwagikiwa chai, nguo hazikauki, mtu analala kajishikilia kitanda, hayo yote hayajatiwa chumvi.

Na hapa niwape heshima yao waliotengeneza, manake hawakuchonga meli ya mbao wakaitingisha. Walitafuta koveti kweli, jina lake Coreopsis, iliyokuwa imekabidhiwa jeshi la maji la Ugiriki mwaka 1943 ikaitwa Kriezis, Wagiriki wakairudisha 1952 ikiwa imechoka, ikapigwa picha, na mwaka huo huo ikaenda kukatwa skrepa. Kwa hiyo ile kutu ni kutu ya ukweli, na mikunjo ya mabati ni ya meli iliyopigana. Linganisha na Action in the North Atlantic ya Hollywood ya mwaka 1943, ile ya Humphrey Bogart, iliyopigwa studio, moto mwingi, mawimbi ya kwenye tangi. Sisemi ni mbaya, naipenda, ila ukizitazama mfululizo utaona ile ya Bogart meli zinafanana na jukwaa na hii ya Ericson inafanana na kazini.

Haya, turudi kwenye kile kibanda cha asdiki, manake kesi nzima iko pale.

Asdiki inatuma mlio majini, mlio ukigonga kitu unarudi. Unasikia ping, kimya, alafu kamlio kadogo kanarudi. Kile kinachorudi kikiwa chembamba zaidi ya kilichotumwa maana yake kitu kinakuja kwako, kikiwa kizito kinaondoka, na opereta aliyezoea anakaa na headifoni masaa manne anatenganisha hayo kwa sikio tu. Tatizo mlio haujui umegonga nini. Kundi la samaki linarudisha mlio. Nyangumi anarudisha. Tabaka la maji ya joto juu ya maji baridi linapindisha mlio unasikia vitu vya ajabu. Na mbaya kuliko zote, meli iliyopigwa dakika chache zilizopita na bado inashuka chini nayo inarudisha mlio, mkubwa, mzuri, pale pale walipo manusura wake. Sasa weka hilo kichwani ukimwangalia Lockhart. Anasikia kitu chini ya watu ambao meli yao imezama hapo hapo. Hajasema uongo anaposema ni nyambizi, ila hajui, anakadiria, na kukadiria ndo kazi yenyewe.

Alafu kuna kitu muvi inakionyesha haraka sana, usipokuwa makini kinakupita. Ukishamkaribia sana adui unampoteza. Mwali wa mlio unaenda mbele, kwa hiyo zile mita mia na kitu mpaka mia mbili za mwisho, inategemea nyambizi imezama kina gani, mlio unapita juu ya kichwa chake na wewe husikii tena kitu. Unamalizia kwa saa ya mkononi. Kapteni wa koveti alikuwa anashambulia kipofu, kila mara. Baadaye wakaja na silaha ya kurusha vibomu 24 mbele ya omo, yaani pua ya meli, wakati bado unamsikia adui, ila Ericson wa sini hii hana, ana mapipa ya mabomu tu ya kudondosha tezini.

Na yale mapipa, kila moja lina kilo kama 130 za baruti, unalipangia kina cha kulipukia, linashuka polepole, mita mbili tatu kwa sekunde. Hesabu mwenyewe. Ukilipangia kina kifupi unatakiwa uwe umeshakimbia, ukipunguza mwendo eti uwapite wale watu taratibu, litalipuka ukiwa bado upo juu yake na tezi yako inang'oka. Ukizunguka kuwakwepa, mlio unapotea, na nyambizi iliyosikia rafadha yako haisubiri. Ukisimama kuwaokota, umekuwa meli iliyosimama mbele ya nyambizi, na kuna waliofanya hivo na hawakupata nafasi ya kujutia. Ndo maana nasema sini iko sawa kwa kiwango cha kutisha. Njia zilikuwa mbili tu, kupita juu yao au kuiacha nyambizi iende ikatafute meli nyingine kwenye msafara. Ya tatu ya kwenye sofa haikuwepo.

Ila wamefumba macho sehemu moja. Kwenye picha tunaona mlima wa maji unapanda, alafu bahari tupu, kama vile watu wamefutwa kwa kitambaa. Haiendi hivo. Maji hayabonyei, kwa hiyo kishindo kinasafiri ndani ya maji, kinapita kwenye nyama ya mtu kama hakuna kitu mpaka kikutane na hewa, na hewa ndani ya mwili iko kwenye mapafu na kwenye utumbo. Hapo ndo kinapasua. Mtu anaweza kuokotwa hana hata mkwaruzo, anaongea, anaomba sigara, na ndani anavuja, anakufa baada ya masaa juu ya deki mbele ya wenzake. Mabaharia walikuwa wanafundishwa mabomu yakianza wageuke walale chali, tumbo na kifua vikae karibu na uso wa maji ambapo kishindo kinapungua nguvu. Sasa fikiria hayo ndo maarifa uliyopewa, lala chali utazame mawingu na usubiri. Picha ya 1953 isingeonyesha hilo, na kusema ukweli sijui kama ningetaka kuliona, lakini ile bahari safi baada ya mlipuko inamrahisishia Ericson mambo kidogo. Kiuhalisia angebaki na watu wa kuwatazama.

Sasa kwa nini naiita sini halisi kuliko karibu zote nilizowahi kuona, na hapo hapo nimeikosoa? Kwa sababu ya ile bahari iliyotulia. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua kanuni, steringi akifanya jambo gumu lazima alipwe. Akiua kwa bahati mbaya basi dakika mbili mbele utagundua aliyeuawa alikuwa jasusi. Muvi nyingine ya nyambizi ingetuletea doa la mafuta, wanajeshi wangeshangilia, kapteni angefuta jasho, na sisi tungelala vizuri. Hapa hakuna malipo. Usiku Ericson kalewa, analia, na Lockhart anajaribu kumbebea mzigo, anamwambia mimi ndo niliyesema ni nyambizi, kama kuna aliyeua ni mimi. Ericson hakubali, anasema ni vita. Na mpaka picha inaisha hakuna anayejua kama kulikuwa na kitu kule chini. Mwandishi wa riwaya iliyozaa picha hii, Nicholas Monsarrat, alitumikia kwenye koveti mwenyewe kwenye misafara ya Atlantiki, na naona hapo ndo inajulikana, manake mtu aliyekaa nchi kavu angeshindwa kuvumilia kutokujua, angetia tu lile doa la mafuta. Hata mwisho wa picha wanapopiga hesabu ya vita nzima, miaka yote ile wamezamisha nyambizi mbili. Mbili! Na walikuwa na bahati, kuna meli za kusindikiza zilizomaliza vita bila hata moja, kazi ilikuwa kutembea na kusikiliza na kutolala.

Kuna mtu aliwahi kuniambia hii sini ni tamthilia tu, haiwezi kutokea kwamba nyambizi ijifiche chini ya watu. Ilitokea. Na ilitokea kwenye msafara uliotoka Kilindini, Mombasa, hapa hapa kwetu, na waliokuwa majini baadhi yao ni askari wetu.

Mwaka 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha meli za Waingereza cha mashariki kikahamishia makao yake Kilindini (hata wale wa kuvunja maandishi ya siri ya Wajapani wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram pale Mombasa, ambayo ni stori nyingine tamu). Februari 1944 ukaondoka msafara KR 8 kwenda Colombo, meli tano za kubeba askari, zinasindikizwa na kruza moja (manowari kubwa) na manowari mbili za aina ya distroya, Petard na Paladin. Kruza inaitwa Hawkins, na aliyemwigiza Ericson ni Jack Hawkins, bahati tu lakini kila nikiikumbuka nywele zinanisimama. Moja ya zile tano ni Khedive Ismail, meli ya zamani ya abiria, ina watu 1,511. Kati yao 996 ni wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari, na kuna manesi wengi, na wanawake wa jeshi la maji.

Tarehe 12, Jumamosi mchana, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikairushia torpedo, mbili zikagonga. Meli ikazama ndani ya kama dakika mbili. Dakika mbili, yaani huwezi hata kumaliza kuvaa viatu. Walio chini ya deki ndo basi tena. Wachache waliotoka wakawa wanaelea, na I-27 ikakaa chini huko huko walipo. Petard na Paladin zikawa kwenye hesabu ile ile ya Ericson, meli nne zimebaki zina maelfu ya watu, adui yupo chini ya manusura. Paladin ikashusha mashua kuokota watu, Petard ikapita ikidondosha mabomu, na mabomu yakalipuka karibu na waliokuwa bado majini. Waliokufa jumla ni 1,297, kati yao wanawake 77. Walionusurika 214, wanawake sita tu.

Hapo tofauti na muvi ikaja. I-27 iliibuka. Ikapigwa mizinga haikuzama, Paladin ikataka kuigonga kwa omo ikaambiwa iache, ikageuka imechelewa na bawa la nyambizi likaichana ubavu, mwisho Petard ikaanza kuirushia torpedo, ya kwanza ikakosa, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba ndo ikapata. (Petard hii ndo ile iliyokamata vitabu vya siri vya Wajerumani kwenye nyambizi U-559 mwaka 1942 na watu wake wawili wakazama nayo. Meli hii ilikuwa na maisha.) Kwa hiyo kapteni wa Petard alipata kitu ambacho Ericson hakupewa, alikiona chuma kile kwa macho yake. Alijua. Sijui kama kujua kulimsaidia kulala lakini alijua, na ukiniuliza kati ya hao wawili nani mwandishi amemtesa zaidi, ni yule wa kwenye picha.

Na ukishaijua Khedive Ismail ukarudi kwenye The Cruel Sea kuna kitu kinaanza kukukera. Sura za majini. Wote ni Waingereza. Wakati meli za mizigo za Uingereza miaka ile, hasa kwenye injini kule chini, zilikuwa zimejaa Wahindi, Wachina, Wayemeni, Wasomali, na chini kwenye injini ndo sehemu ngumu kutoka torpedo ikigonga. Picha iliyohangaika kutafuta koveti ya kweli mpaka kwa Wagiriki haikuhangaika kutafuta sura hizo, na zilikuwepo London na Liverpool na Cardiff, sio mbali. Siisemei kwa lugha za leo, nasema tu kama unajipima kwa uhalisia basi kutu umeiweka sawa na watu umewapunguza. Askari wa Afrika Mashariki lugha yao ya jeshini ilikuwa Kiswahili, kutoka Kenya, Uganda mpaka Tanganyika. Hakuna picha ya zama zile ya misafara ya meli ambayo nimemsikia mtu anaomba msaada kwa Kiswahili.

Mwaka jana niliiangalia na mjomba wangu, mzee wa Mombasa, alifanya kazi bandarini miaka mingi ya kufunga kamba za meli. Nilidhani ile sini itamgusa kama inavyonigusa. Akaangalia kimya mpaka Ericson anapolia, hakusema kitu, akaniomba nimwongezee kahawa. Nikamsimulia na ya Khedive Ismail, nikamweleza Petard na mabomu na torpedo ya saba, nikidhani ataniuliza kuhusu kapteni alikosea au hakukosea. Akakaa.

"Na hizo nyengine je? Hizo nne."

"Zilifika Colombo, mjomba."

"Haya," akasema, akanywa kahawa yake.